Muulize Mwalimu: Kenge wa ukubwa wa Hiace

Mwezi uliopita, nilipokuwa namjibu msomaji kuhusu miiba ya samaki, niliteleza nikasema kwamba hapa nyumbani kwangu Chumbageni, Tanga, ninayo mifupa ya kenge ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilidhani mstari ule ungepita. Haukupita. Barua za safari hii karibu zote ni za mijusi, kwa hiyo mlioleta maswali ya mbu na ya nazi zisizo na maji mnistahimilie mpaka toleo lijalo.

*Mwalimu, habari za siku. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji hapa Pongwe. Kenge kanimalizia mayai ya kuku wawili na vifaranga sita. Mwanangu wa darasa la saba ananiambia nishukuru Mungu, eti zamani kulikuwa na kenge mkubwa kuliko Hiace. Nikamwambia hayo ni ya kwenye simu. Tumebishana mpaka tumewekeana dau la soda. Nani anunue? (Mama wa kuku, Pongwe)*

Pole sana, mama. Vifaranga sita si mchezo kwa bei ya kuku ya siku hizi. Soda ichangieni, na sababu nitaisema.

Kenge huyo alikuwepo kweli. Hakuwepo Pongwe wala popote Afrika. Kwao ni Australia, na alitoweka kama miaka 40,000 hadi 50,000 iliyopita, wakati binadamu wamekwisha kufika kule. Huitwa Megalania, au Varanus priscus ukitaka kumrudisha kwa ndugu zake, maana Varanus ndilo jina la kenge wote: huyu anayekunywa mayai yako, yule wa Komodo kule Indonesia anayefika mita 3, na huyo marehemu.

Aliyempa jina ni Mwingereza Richard Owen, mwaka 1859. Hakuletewa mzoga. Alipelekewa London pingili chache tu za uti wa mgongo zilizookotwa Queensland, akazigeuzageuza, akasema huyu ni mjusi. Sasa mtu atauliza, na mimi niliwahi kuuliza: pingili ya mgongo inasemaje kuwa ni ya mjusi? Hapo ndipo linapoingia kopo langu.

Mwaka juzi, asubuhi moja ya masika, nilikuwa natoka Mwambani kwa baiskeli nikamkuta kenge maji amegongwa na lori. Kichwa kimesagika upande mmoja, kiwiliwili kizima. Nikamtia kwenye kiroba, nikamfunga kwenye keria. Nilipofika nikampima kwa futi ya jirani yangu fundi seremala: mita 1 na sentimita 42, na zaidi ya nusu yake ni mkia. Kisha nikafanya kosa ninalolilipia mpaka leo. Nikachukua sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya wajukuu, nikamkata vipande, nikamweka uani kwenye mafiga kwa moto mdogo na kijiko cha sabuni ya unga. Mke wangu alikuwa harusini Makorora, akarudi saa kumi. Ile harufu ilimpokea kona ya barabara. Hakusema neno. Alisimama, akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akaingia ndani akafunga mlango. Kesho yake ndipo aliponiarifu kwamba sufuria ile, hata niisugue mara saba kwa udongo, haivuki tena kizingiti cha jiko lake. Sasa iko chini ya mpapai, wananywea bata.

Lakini mifupa ilitoka safi. Pingili moja ni kubwa kidogo tu kuliko kete ya bao. Mbele ina kishimo cha mviringo, nyuma ina kifundo, na kifundo cha hii kinaingia kwenye kishimo cha inayofuata kama mchi kinuni, ndiyo maana kenge hujipinda atakavyo asiteguke. Ya samaki ina kishimo huku na huku. Mamba naye ana kifundo nyuma, ila cha kenge kina kiuno: mfupa unabanwa kidogo kabla ya kufika kwenye kifundo, kama shingo ya kibuyu, na kifundo chenyewe kinatazama juu kidogo. Ukishakishika mara moja hutakisahau. Shingoni nilihesabu pingili 9. Mijusi wengi wana 8. Kenge wamezidishiwa moja, na shingo zao unaziona.

Basi fikiria umbo hilohilo, kiuno hichohicho, lakini pingili inajaza kiganja. Hiyo ndiyo aliyoishika Owen.

Ugomvi uko kwenye urefu. Hakuna aliyewahi kuipata mifupa ya mnyama mmoja yote pamoja, na hakuna anayejua mkia uliishia wapi. Anayempimia kwa kenge wa mkia mrefu hufika mita 7. Anayempimia kwa tahadhari hubaki mita 3 na nusu, au 4 na nusu. Hiace ya Pongwe ina mita 5 hivi. Umeona kwa nini nikasema mchangiane? Mimi binafsi niko upande wa wabahili. Kenge wangu ningemkosa mkia, ningeweza kukuapia alikuwa wa mita 2, na ningekuwa naapa uongo.

Kuhusu banda: wavu wenye matundu madogo, uuzike ardhini futi moja kuzunguka, kwani kenge hachelewi kuchimba. Mayai okota asubuhi na jioni. Matumbo ya samaki usiyatupe karibu. Kumpigia debe hakusaidii. Methali inamsingizia kwamba hasikii mpaka damu imtoke masikioni, kumbe anasikia vizuri sana, anakimbia, na kesho anarudi. Kama kuna kichuguu karibu na banda, kiangalie wakati wa mvua. Jike hukitoboa udongo ukiwa laini, akataga humo hata mayai 60, akaondoka, na mchwa wenyewe wanaziba tundu. Mayai yanakaa kwenye joto na unyevu usiobadilika, kama kwenye mashine ya kutotolesha, bila gharama ya umeme. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji mengi, uende zahanati siku hiyohiyo.

*Shikamoo Mwalimu. Darasani tumeambiwa mjusi mkubwa wa Tendaguru yuko Berlin. Rafiki yangu anasema yule si mjusi, ni dinosauri. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Makorora)*

Marahaba mwanangu. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, hata cha bungeni wanapodai arudishwe, yule ni "mjusi", na sitaki ugombane na mwalimu wako kwa neno. Kwa mifupa, rafiki yako ndiye mwenye haki.

Mtazame mjusi anapotembea: mapaja yametoka ubavuni, tumbo karibu liguse chini, mwili unayumba kama mtumbwi wenye mpiga kafi mmoja. Dinosauri alisimama miguu ikiwa chini ya mwili, kama ng'ombe. Na nyonga yake, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia, ilikuwa na tundu la kutokeza upande wa pili. Ya mjusi ina bakuli lisilotoboka. Ukitaka kuiona nyonga yenye tundu huna haja ya kwenda Berlin. Siku mkila kuku nyumbani, omba mgongo, usafishe, uumulike kwenye mwanga. Kuku ni wa ukoo wa dinosauri. Kwa hiyo yule mama wa Pongwe wa hapo juu anafuga dinosauri, na mjusi ndiye anayemwibia.

Kuchanganya majina hakukuanza na sisi. Neno "dinosauri" lilitungwa mwaka 1842 kutoka Kigiriki, na maana yake ni mjusi wa kutisha. Aliyelitunga? Richard Owen huyohuyo. Aliwaita mijusi wanyama wasio mijusi, kisha miaka 17 baadaye akapata mjusi mkubwa wa kweli, na huyo naye akaja kumchanganya. Aliletewa fuvu lenye pembe kutoka Queensland akalihesabu kuwa la Megalania, na mifupa ya mguu wa mnyama wa jamii ya kangaruu akaiweka humohumo. Kwa muda, vitabuni palikuwa na kenge mwenye pembe. Baadaye wengine wakalitazama lile fuvu vizuri: kasa! Kasa wa nchi kavu mwenye pembe, naye ametoweka. Sisemi haya kumcheka marehemu. Alikuwa na vipande ambavyo havikuja na majina yamebandikwa, na aliyewahi kuchanganya mifupa ya bata na ya kenge kwenye kopo moja hana la kumwambia.

Huyo wa Berlin siku hizi huitwa Giraffatitan. Alichimbwa Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati wa Wajerumani. Katika kumbukumbu za kazi ile limebaki jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, lakini wengi walioibeba mifupa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi hawana hata mstari. Mifupa iliyosafirishwa ilizidi tani 200. Mmoja aliyesimamishwa pale makumbusho ana kimo cha mita 13 na zaidi, na umri wa miamba alimotoka ni kama miaka milioni 150.

Sasa nikuachie la kumtambia rafiki yako. Katika mawe hayohayo ya Tendaguru walipata pia mabaki ya mjusi wa kweli, mwenye kifundo na kishimo chake, wa kundi ambalo lote limetoweka. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1999, miaka mingi tangu vumbi la uchimbaji litulie. Ni mdogo mno, wa kukaa kiganjani, na hakuna mbunge aliyewahi kumdai. Mtu akikuuliza habari za "mjusi wa Tendaguru", muulize: yupi?

*Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Sahare. Wazungu walisema samaki silikanti amekufa zamani za kale, kumbe tunamtoa kwenye jarife hapahapa Tanga. Sasa huyo kenge wako mkubwa, una hakika gani hajajificha mahali? Kuna wanaosema mapango ya Amboni yana vitu.*

Nahodha, swali zuri, na wewe unayo haki ya kuliuliza kuliko maprofesa wengi.

Ni kweli, silikanti alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na vya mwisho ni vya kama miaka milioni 66 na zaidi. Mwaka 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji wa East London, akamwona kwenye rundo la samaki akajua huyu si wa kawaida. Huku kwetu alianza kuingia kwenye majarife miaka ya 2000, mpaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Lakini tazama alikojificha. Kina cha mita 100 na zaidi, mchana amelala kwenye mapango ya miamba, usiku ndio anatoka. Nani wa kumfikia huko? Nyavu zenu zilipoanza kushuka chini zaidi ndipo mkaonana. Kenge wa mita 4 kwenda juu angekuwa juu ya ardhi, anaota jua saa tatu asubuhi kama kenge wote, kwenye nchi iliyojaa kondoo na wenye kondoo wao. Angekula kondoo. Angegongwa na lori, na mwalimu mmoja mstaafu wa kule angemchemsha.

Kuna jingine ambalo watu hulipita haraka. Silikanti mnayemtoa nyinyi si yuleyule wa kwenye jiwe. Ni wa ukoo wake. Wale wa visukuku ni aina nyingine na wamekwenda kweli. Ukilisema hivyo, kenge naye yuko vilevile. Aina imekwenda, ukoo uko hapa unakula mayai Pongwe. Tena ukoo huo si mgeni Afrika Mashariki. Kisiwa cha Rusinga, kwenye Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kimetoa mabaki ya kenge wa kama miaka milioni 18, aliyepewa jina la kisiwa mwaka 1995: Varanus rusingensis. Meno yake ni butu kama vichwa vya misumari, ya mtu wa kuvunja makome na konokono. Taya la kenge wangu, lile lililosalimika, meno ya nyuma nayo ni mabutu. Kenge maji akikua hupoteza ule ukali wa utotoni. Sisemi yule wa Rusinga ni babu yake. Nasema tu kwamba kazi ya kuvunja makome ilikuwepo tangu hapo, na kenge wakaifanya.

Kuhusu Amboni, nimeingia na wanafunzi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kitu kikubwa nilichowahi kukiona mle ni popo, na mwanafunzi aliyezimia. Ile habari kwamba pango linafika Mombasa nimeisikia tangu mdogo, na kila anayeisimulia ana mjomba wa rafiki aliyeingia na mbwa. Ila pango la chokaa ni ghala zuri la mifupa, hapo usilidharau. Kule Queensland, kwenye mapango ya Capricorn, walichekecha udongo wakapata kimfupa cha sentimita moja, kile cha ndani ya ngozi ya mjusi mkubwa. Umri wake kama miaka 50,000. Kimfupa kimoja, ukubwa wa punje ya hindi, na hawakuthubutu kusema kwa kiapo kama ni cha Megalania au cha kenge mwingine wa kiasi cha Komodo. Waliandika hivyohivyo, kwamba ni mmojawapo. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi siku nzima. Kwa hiyo ukienda Amboni na ukaona mfupa umeshikana na ukuta, usichimbe. Piga picha, weka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, na umwambie mwongozaji.

Umeniuliza pia pembeni ya barua kama baharini hakukuwahi kuwa na mjusi. Alikuwepo, tena huyo anampita Megalania mbali. Mosasauri, aliyepita mita 12, alikuwa jamaa wa kenge aliyehamia baharini miguu ikawa mapezi. Taya lake maarufu lilitolewa kwenye machimbo ya Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 18. Kwanza wakasema mamba, wengine nyangumi, mpaka mtu mmoja akagundua linafanana na la kenge. Jeshi la Ufaransa lilipoutwaa mji mwaka 1794, taya likachukuliwa Paris, na liko huko hadi leo. Mifupa mikubwa ina tabia ya kufuata wenye bunduki.

*Mwalimu, nakuandikia kutoka Bagamoyo. Marehemu babu aliacha kipande cha sandarusi, ule utomvu wa mti ulioganda, ndani yake kuna mjusi mdogo mzima, na vidole vinaonekana. Mtu amenipa bei kubwa akisema ni wa miaka milioni. Niuze?*

Usiuze wiki hii.

Bagamoyo na sandarusi ni watu wa siku nyingi; karne ya 19 ilichimbwa pwani yote ya Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka hapo Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Iliyotoka mtini mbichi iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Mijusi midogo imewahi kunaswa kweli ndani yake, kwa hiyo kipande cha babu kinaweza kuwa halali. Lakini sandarusi yetu ni changa, miaka ya mamia au maelfu. Yenye mamilioni ni kaharabu, utomvu wa kale uliokwisha kuwa kama jiwe. Kuna ya Myanmar, ya kama miaka milioni 99, yenye mijusi wa jamii ya huyu mjusi kafiri wa ukutani, na vidole vyao vina vile vijistari vya kunatia ukutani, vimehifadhika utadhani wa jana. Mnunuzi wako ama hajui tofauti, ama anaijua sana na anataka aje kumwuzia mwingine kwa hayo mamilioni.

Ipime. Tone la spiriti kwenye kona, subiri kidogo, gusa kwa kidole: ikinata ni sandarusi, isiponata bado si lazima iwe kaharabu, kwani plastiki nayo hainati, na wanaotumbukiza mijusi kwenye plastiki wako wengi. Kwa hilo tumia sindano ya moto. Sandarusi hunukia utomvu, kama ubani mbali. Plastiki hunuka kama mfuko ulioungua. Chagua upande wa nyuma, mbali na mjusi, na ncha tu ya sindano.